Kiduha, homoni za mimea na vijidudu vya udongoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, maafisa ugani na wakulima wanaotaka kuelewa kwa nini wataalamu wa homoni, wa jenomu (yaani jumla ya DNA ya kiumbe) na wa vijidudu wamejikuta wote wakichunguza gugu moja. Baadhi ya maswali yana majibu marefu kwa sababu jambo lenyewe limesukwa na nyuzi nyingi. Mengine yanajibika kwa maneno machache.

Kiduha ni nini, na kina uhusiano gani na homoni?

Kiduha, ambacho Waluo wa magharibi mwa Kenya hukiita kayongo, ni gugu la jenasi ya Striga linaloishi kwa kunyonya mizizi ya nafaka: mahindi, mtama, ulezi, mpunga wa nchi kavu, na hata miwa. Afrika Mashariki inasumbuliwa zaidi na aina mbili. Striga hermonthica, yenye maua ya rangi ya waridi au zambarau, imetamalaki katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, ilhali Striga asiatica, ambayo ni fupi na yenye maua mekundu, huonekana zaidi katikati na kusini mwa Tanzania, yakiwemo mashamba ya mpunga unaotegemea mvua huko Kyela. Majani yake ni ya kijani, kwa hiyo asiyekijua hudhani kuwa kinajitegemea, lakini bila mzizi wa kunyonya hakiwezi kukua.

Kinachokiunganisha na homoni ni mbegu yake. Mbegu hiyo ni ndogo kama vumbi, ina urefu wa takriban robo ya milimita, na haina akiba ya chakula inayoweza kuutunza mche kwa zaidi ya siku chache. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa jirani, imekufa. Ndiyo maana haioti kwa mvua peke yake: hukaa kwanza katika udongo wenye joto na unyevu kwa wiki moja au mbili, kisha husubiri kemikali inayovuja kutoka kwenye mzizi ulio hai, na ikikosa mwaka huu husubiri mwakani, kwa muda unaoweza kuzidi miaka kumi. Kemikali inayosubiriwa ni strigolaktoni, na strigolaktoni ni homoni ya mmea.

Strigolaktoni ziligunduliwaje?

Ziligunduliwa kinyumenyume, yaani madhara yake yalijulikana kabla ya kazi yake. Katika miaka ya 1950 kiduha chenye maua mekundu kilionekana katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya Carolina nchini Marekani, nao watafiti wa huko wakaanza kutafuta kinachoziamsha mbegu zake. Mwaka 1966 walitangaza kuwa wameipata molekuli ya kwanza, wakaiita strigoli. Ajabu ni kwamba waliipata katika majimaji ya mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi kuunyonya kabisa.

Kwa takriban miaka arobaini swali likabaki wazi: kwa nini mmea umwage udongoni kitu kinachomwita adui yake? Jibu la kwanza lilitoka Japani mwaka 2005, pale ilipobainika kwamba molekuli hizohizo huzifanya nyuzi za kuvu rafiki wa mizizi zitoe matawi mengi. Kumbe mwito haukuwa wa kiduha hata kidogo; kiduha kilikuwa kimejifunza kudukiza mazungumzo ya wengine. Mwaka 2008 timu mbili, moja ikiongozwa kutoka Ufaransa na nyingine kutoka Japani, zikaonyesha kwa wakati mmoja kwamba strigolaktoni hufanya kazi pia ndani ya mmea wenyewe, ambako huzuia machipukizi ya pembeni yasichipue ovyo. Hapo ndipo zilipoingizwa rasmi katika orodha ya homoni.

Mmea hauna damu wala tezi. Unawezaje kuwa na homoni?

Homoni ya mmea ni molekuli inayotengenezwa kwa kiasi kidogo sana na kubadilisha mwenendo wa seli, iwe ni palepale ilipotengenezwa au mbali na hapo. Oksini huongoza urefu wa shina na uelekeo wake, asidi ya absisiki hufunga vitundu vya majani wakati wa ukame, na ethilini, ambayo ni gesi, huivisha matunda. Anayevundika ndizi kwa kuzifunika ili ziive pamoja anaitumia ethilini, kwa sababu kifuniko huizuia gesi inayotolewa na tunda moja isitoroke kabla ya kulifikia la jirani, na moshi, kwa wanaoutumia, huleta ethilini ya ziada.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba mpaka kati ya homoni na vijidudu ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Jiberelini, homoni inayorefusha mashina, haikugunduliwa katika mmea: mwaka 1926 mtafiti wa Kijapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba mpunga unaorefuka kupita kiasi hadi kuanguka hufanywa hivyo na kemikali inayotolewa na kuvu. Baadaye sana ndipo ilipofahamika kuwa mimea yenyewe huitengeneza.

Kama strigolaktoni humwita adui, kwa nini tusizalishe mahindi au mtama usiozitoa?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na linastahili jibu la kina kuliko mengine.

Mmea hautoi strigolaktoni kwa kiwango kilekile siku zote. Hutoa nyingi unapokuwa na njaa, hasa njaa ya fosforasi, na kwa mtama upungufu wa nitrojeni nao huongeza kiasi hicho. Fosforasi husogea kwa shida sana udongoni, hivyo mzizi ukishamaliza iliyo karibu hujikuta umezungukwa na ukanda mtupu. Hapo ndipo unapoihitaji mikoriza, yaani kuvu wanaoingia ndani ya mizizi kwa upande mmoja na kutandaza nyuzi zao udongoni kwa upande mwingine, wakiifikia fosforasi isiyofikiwa na mzizi na kulipwa kwa sukari na mafuta. Ushirika huu ni wa kale mno: alama zake zimehifadhiwa katika mawe ya Rhynie nchini Scotland, katika mabaki ya mimea iliyoishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mimea mingi ya nchi kavu, nafaka zetu zikiwemo, bado inautegemea.

Kwa hiyo mmea usiotoa strigolaktoni kabisa hupata hasara mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba kuvu hawauoni vizuri, ukabaki na njaa yake. Ya pili ni ya umbo: katika mpunga, mimea ambayo jeni zake za kutengeneza strigolaktoni zimeharibika huwa mifupi na hutoa machipukizi mengi kupita kiasi, kwa sababu breki ya ndani imeondolewa. Mkulima hatafurahia shamba lisilo na kiduha lakini lenye mimea ya namna hiyo.

Hapa pia ndipo linapoeleweka jambo ambalo wakulima wamelisema kwa muda mrefu, kwamba kiduha hupenda shamba lililochoka. Si imani tu. Udongo uliochoka huifanya mimea ipaze sauti ya kuomba msaada, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo mbegu nyingi za kiduha zinavyoisikia. Kwa maoni yangu, mazungumzo yoyote kuhusu kiduha yanayoanza na mbegu bora na kuiacha rutuba ya udongo mpaka mwisho yameanza mahali pasipofaa.

Je, hakuna njia ya kati?

Ipo, na jenomu ndizo zilizoifunua. Strigolaktoni ni familia ya molekuli nyingi zinazotofautiana kwa mambo madogo. Zote huanzia kwenye beta-karotini, kitu kilekile kinachoipa karoti rangi yake, ambayo hukatwa na vimeng'enya hadi kuwa karlaktoni, kisha kila mmea huimalizia kwa mtindo wake. Mtama wa kawaida hutoa zaidi 5-deoksistrigoli, ambayo huamsha kiduha kwa nguvu. Baadhi ya mitama hutoa orobankoli badala yake, ambayo kiduha huisikia kwa shida, ilhali kuvu wa mikoriza bado huitika.

Gebisa Ejeta, mwanasayansi aliyezaliwa Ethiopia na anayefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alitumia miaka mingi kuchambua mitama inayostahimili kiduha, na mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Tanzania ilinufaika mapema: mwaka 2002 zilitolewa aina za mtama Hakika na Wahi, ambazo zimetokana na kazi hiyo. Wakati huo ukinzani ulikuwa umeonekana shambani na maabara, lakini jeni lenyewe lilikuwa halijashikwa. Jenomu ya mtama, yenye herufi za DNA takriban milioni 730, ilichapishwa mwaka 2009, na mwaka 2017 kundi la Ejeta likatangaza jeni linaloitwa LGS1. Jeni hilo likiwa zima, mtama hutoa 5-deoksistrigoli. Likipotea au kuharibika, mtama hutoa orobankoli.

Kuhusu mahindi, watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha mwaka 2023 kwamba nako tofauti za vimeng'enya hubadilisha mchanganyiko wa strigolaktoni, na kwamba mahindi yenye mchanganyiko fulani huamsha mbegu chache za kiduha.

Ikiwa kupoteza LGS1 kuna faida, kwa nini mitama yote ya Afrika haijaipoteza?

Kwa sababu hakuna cha bure. Uchunguzi wa mitama ya kienyeji kutoka sehemu nyingi za Afrika, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba LGS1 iliyoharibika hupatikana zaidi mahali penye kiduha kingi, lakini hata huko haijatawala. Zipo dalili kwamba mtama wa namna hiyo hulipa gharama fulani pale ambapo kiduha hakipo. Kwa mtafiti anayezalisha mbegu hili ni onyo la kutosambaza jeni moja kila mahali kwa sababu tu limefanya vizuri sehemu moja.

Na jenomu ya kiduha chenyewe inasema nini?

Jenomu ya Striga asiatica ilichapishwa mwaka 2019, ikiwa na jeni zaidi ya 34,000. Kinachovutia zaidi ni vipokezi vyake, yaani protini zinazoshika molekuli ya nje na kuipasha seli habari. Mimea mingi ina kipokezi kiitwacho KAI2, na katika mimea inayoota baada ya moto wa msituni kipokezi hicho huhusika na karikini, kemikali za moshi zinazoziamsha mbegu ardhi ikiwa imebaki wazi. Kiduha kimelirudufu jeni la kipokezi hicho mara kwa mara: katika Striga hermonthica vimehesabiwa 11, na vingi kati yake vimebadilika vikawa vinashika strigolaktoni. Pua iliyoumbwa kunusa moshi imegeuzwa kunusa mizizi.

Tena ni pua kali. Kimoja kati ya vipokezi hivyo, ShHTL7, huitikia strigolaktoni kwa kiwango cha pikomola, ambacho kwa hesabu ya kawaida ni sawa na gramu moja iliyoyeyushwa katika karibu lita bilioni tatu za maji. Ukilifahamu hili hutashangaa kwamba kupunguza strigolaktoni kwa nusu hakumalizi tatizo.

Jambo lingine la kustaajabisha ni kwamba mwaka 2010 watafiti walitangaza kuwa wamekuta ndani ya Striga hermonthica jeni lenye asili ya nafaka. Kiduha hunyonya maji, sukari na madini, na inaonekana katika historia yake kiliwahi kuchukua hata kipande cha DNA.

Vijidudu vinaweza kusaidia vipi?

Kwa njia zaidi ya moja. Mikoriza tumekwisha kuitaja: mzizi ukishapata kuvu wa kutosha na fosforasi ikaanza kuingia, mmea hupunguza kutoa strigolaktoni, na mbegu za kiduha zilizo jirani hubaki zimelala.

Njia ya pili ni kumtumia adui wa adui. Yupo kuvu wa kundi la Fusarium oxysporum ambaye hushambulia kiduha na kukinyausha, na aina yake inayotumika kwa kazi hii hubagua sana mmea wa kuushambulia, kwa hiyo haigusi mahindi. Magharibi mwa Kenya wakulima wamemtumia kwa mbinu ninayoipenda kwa urahisi wake: kuvu husafirishwa akiwa ameoteshwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno, kijijini huzidishwa katika wali uliopikwa na kupozwa, kisha kiasi kidogo cha wali huo huwekwa katika kila shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Aina zilizotumika zilichaguliwa kwa uwezo wake wa kutoa kwa wingi asidi za amino fulani ambazo zikizidi humdhuru kiduha. Majaribio katika mashamba ya wakulima 500 yalichapishwa mwaka 2016, na mavuno yaliongezeka waziwazi.

Njia ya tatu ndiyo mpya zaidi. Mbegu ya kiduha ikishaota haina budi kutengeneza kiungo cha kunyonyea, na kwa hilo inahitaji ishara ya pili ya kemikali kutoka mzizini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba vijidudu katika udongo fulani huweza kuziharibu ishara hizo, na pia huufanya mzizi wa mtama ujijenge tofauti kwa ndani, ukiwa na nafasi nyingi za hewa na tabaka la suberini, kitu kinachofanana na gome la kizibo, hata kiduha kikapata shida kupenya. Kwa maneno mengine, udongo ulio hai unaweza kukizuia kiduha kilichokwisha kuota.

Basi, ninunue mbolea ya vijidudu inayouzwa dukani?

Uliza kwanza. Kwa maharage na soya, bakteria wa rizobia wanaosaidia kufunga nitrojeni wana ushahidi imara wa miaka mingi. Kwa bidhaa nyingine hali si hiyo: vijidudu ni viumbe hai, huuawa na joto la ghala na la kibanda cha bati, na kijidudu kilichofanya maajabu kwenye chungu cha maabara huenda kikashindwa na vijidudu wenyeji waliomo shambani mwako. Mwuzaji asiyeweza kukwambia jina la kijidudu, tarehe ya mwisho wa matumizi na namna ya kukihifadhi hastahili pesa yako. Jaribu mistari michache ya shamba kabla ya kupanda ekari nzima.

Vuta Sukuma ni sehemu ya sayansi hii?

Ndiyo. Mbinu hii ilibuniwa tangu miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kikishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, ili kupambana na viwavi wanaotoboa mabua. Mmea wa desmodiamu ulipandwa katikati ya mahindi ili kuwafukuza nondo wanaotaga mayai, na matete yakapandwa pembeni ili kuwavuta. Kwamba kiduha nacho kilitoweka katika mistari hiyo lilikuwa jambo lisilotarajiwa. Baadaye ilionekana kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha na nyingine zinazouzuia mche usijishike kwenye mzizi wa mahindi. Isitoshe, desmodiamu ni wa jamii ya kunde, huongeza nitrojeni na ni malisho mazuri ya ng'ombe.

Je, mbegu zinazostahimili kiduha ni za GMO?

Zilizotajwa hapa si za GMO, yaani hazikubadilishwa kwa uhandisi jeni. Hakika na Wahi zilizalishwa kwa njia za kawaida. Mahindi ya Ua Kayongo yaliyosambazwa Kenya (hapo «ua» ni kitenzi, si lile ua la zambarau) nayo si GMO: huvumilia imazapiri, dawa ya kuua magugu inayopakwa juu ya mbegu, ambayo hukiua kiduha kinapojaribu kujishika. Uhariri wa jenomu ni jambo tofauti. Chuo Kikuu cha Kenyatta, chini ya Steven Runo, kimekuwa kikifanya kazi ya kuliharibu jeni la LGS1 katika mtama kwa kutumia CRISPR, zana ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, yaani kuiga kilichokwisha kutokea chenyewe katika mitama ya kienyeji.

Haiwezekani kuziotesha mbegu zote kwa pamoja ili zife?

Wazo hilo ni la zamani, na lilifanyiwa kazi kweli huko Carolina, ambako gesi ya ethilini ilidungwa udongoni kabla ya kupanda ili mbegu ziote bila mzizi wa kunyonya. Pamoja na karantini na ukaguzi wa miongo mingi, eneo lililokuwa zaidi ya hekta 170,000 lilipunguzwa hadi vipande vichache. Lakini mitungi ya gesi, matrekta na wakaguzi wa serikali si vitu vya mkulima wa ekari mbili. Watafiti wa Japani walitangaza mwaka 2018 molekuli ya kutengeneza, sfinolaktoni-7, inayoziamsha mbegu hizo kwa kiwango kidogo hata kuliko strigolaktoni za asili. Hiyo bado ni ya watafiti.

Kilicho karibu zaidi ni mazao mtego: pamba, soya, karanga, alizeti, na marejea, ambayo yanajulikana pia kama mbolea ya kijani. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha nazo zikafa kwa kukosa pa kunyonya. Mkulima wa Kanda ya Ziwa anayepokezanisha pamba na mtama anafanya bila kujua jaribio lililozaa strigoli mwaka 1966. Hata hivyo, msimu mmoja hautoshi, kwa maana si mbegu zote huamka kwa pamoja.

Kiduha kimeshachomoza shambani kwangu. Kuking'oa kuna maana?

Kwa mavuno ya msimu huu, maana yake ni ndogo. Kiduha hukaa chini ya ardhi kwa wiki kadhaa kikinyonya kabla hakijaonekana, na sehemu kubwa ya madhara huwa imekwisha kutokea. Kwa misimu ijayo, maana ni kubwa sana, kwa sababu mmea mmoja ulioachwa ukomae huweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu. King'oe kabla hakijatoa maua au mara tu yanapoanza kufunguka, kianike mahali pamoja na ukichome. Kikiwa na mbegu usiwape ng'ombe, kwani baadhi ya mbegu hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani pamoja na samadi, na usichukue mbegu za kupanda kutoka shamba lililoathirika bila kuzipepeta na kuzisafisha vizuri, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ambayo kiduha huhamia kijiji kingine kikiwa ndani ya gunia.